Ufuo wa Malindi: Mawe Yana Mlinzi, Mchanga Hauna

Mgeni anayeingia Malindi kwa mara ya kwanza huelekezwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama kabla hata hajaulizwa kama amekula. Dereva wa tuktuk anaijua njia, hoteli imetundika picha yake mapokezini, na kila kijitabu cha watalii kinaanza nayo. Kutoka hapo hupelekwa kwenye kanisa dogo la Wareno lililoezekwa kwa makuti, kisha kwenye makaburi ya mnara yaliyo ubavuni mwa Msikiti wa Juma, halafu Nyumba ya Nguzo ambayo siku hizi ni makumbusho, na muda ukiruhusu, kwenye bustani yenye sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mzunguko mzima hauli nusu siku, kwa sababu alama zote hizi zimejipanga kandokando ya maji, na mgeni hurudi hotelini akiamini kwamba ameusoma ufuo wa Malindi.

Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba mzunguko huo, pamoja na uzuri wake wote, umetuzoesha kuutazama ufuo kombo. Umetufanya tuamini kwamba historia ya mahali hapa imo ndani ya mawe yaliyosimama palepale yalipowekwa, na kwamba mchanga ulio chini yake ni uwanja tu wa kupigia picha. Mambo hayako hivyo. Alama nyingi zinazotajwa zimehamishwa, zimejengewa juu, zimepewa kazi nyingine au zimebadilishiwa jina, na ufuo wenyewe haukutulia, kwani ndani ya ghuba bahari imerudi nyuma, huku rasini inaendelea kuula mwamba kwa chini. Mawe yana Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, yana idara, yana tiketi na askari wa getini. Mchanga, njia za kuufikia na mto unaouleta vimeachwa katikati ya ofisi nyingi, na penye ofisi nyingi mwananchi hajui aende kubisha wapi.

Tuanze na nguzo, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi na kuchunguzwa kidogo. Vasco da Gama alitokea mbele ya Malindi katikati ya Aprili 1498 akiwa na merikebu tatu, akitoka Mombasa ambako mambo yalikuwa yamemwendea upande. Mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama wa siku nyingi na Mombasa, na katika wageni wale wenye mizinga aliona msaada uliojileta wenyewe mlangoni. Kwa mujibu wa shajara iliyoachwa na mmoja wa watu wa msafara huo, mazungumzo yalifanyika juu ya maji: mfalme alikuja na chombo chake, Mreno akashuka kwenye mashua yake, vyombo vikakutana ubavu kwa ubavu, na mfalme alipomwalika ashuke mjini, mgeni alijibu kwamba bwana wake hakumpa ruhusa ya kukanyaga nchi kavu. Tarehe 24 Aprili alitweka tanga akiwa na rubani aliyepewa na mfalme, na kwa upepo wa kusi uliokuwa umeanza kushika, akaiona pwani ya Calicut mwezi Mei. Rubani huyo wanafunzi wetu wengi wamefundishwa kuwa ni Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, ingawa maandishi ya Kireno yaliyo karibu zaidi na tukio yanamtaja Mgujarati.

Nguzo yenyewe haihusiani na siku zile za Aprili. Shajara hiyohiyo inaonyesha kwamba iliombwa Januari 1499, msafara uliporejea kutoka India na mabaharia wengi wamedhoofishwa na kiseyeye, wakawa wanahitaji matunda na maji ya Malindi kuliko walivyohitaji utukufu. Iliwekwa kwanza mjini, karibu na makazi ya mfalme, na baadaye katika karne ya 16 ikahamishiwa rasini inakosimama leo. Ukiisogelea utaona kazi ya mikono miwili isiyofanana. Juu kabisa kuna msalaba wa jiwe la chokaa lililoletwa kutoka Ureno, wenye nembo ya mfalme wa huko, na umeliwa na hewa ya chumvi kiasi kwamba michoro yake inataka jicho la subira. Chini yake kuna koni nene ya mawe ya matumbawe iliyopakwa chokaa nyeupe, na koni hiyo haikujengwa na Mreno yeyote: iliwekwa mwaka 1873 na nahodha wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Briton, aliyeona nguzo inaelekea kuanguka. Kwa hiyo ule weupe unaong'aa katika kadi za posta, unaotambulika kama sura ya Malindi ya karne ya 15, kwa sehemu kubwa ni matengenezo ya Mwingereza wa karne ya 19.

Sisemi haya ili kuishusha nguzo. Jiwe lililodumu zaidi ya miaka 500 katika chumvi na upepo linastahili heshima yake, na kila mtoto wa Malindi angepaswa kupelekwa pale walau mara moja. Ninachosema ni kwamba hata jiwe lililo maarufu kuliko yote ufuoni ni kitu kilichohamishwa na kutengenezwa upya, na thamani yake iko katika kuhamishwa huko. Lilianza kama alama ya urafiki karibu na nyumba ya mfalme, likaishia kuwa alama ya kuongozea vyombo vitokavyo mbali. Yaani liligeuzwa uso, kutoka kwa mji kwenda baharini.

Kabla ya Mreno Malindi ilikuwa imekwisha kujulikana mbali zaidi ya Lisbon. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika kasri ya mfalme Yongle nchini China wakiwa na twiga, mnyama aliyepokelewa kule kama kiumbe cha heri kinachotokea zama za mtawala mwadilifu, na misafara ya amiri wa China, Zheng He, ikawarudisha wajumbe hao makwao. Mwaka 2010 waakiolojia wa Kenya na China waliokuwa wakichimba Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, walipata sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme huyohuyo. Hadithi ya twiga haikuacha jiwe ufuoni, na nadhani ndiyo maana haimo katika mzunguko wa watalii. Tukio lisilo na nguzo halina mahali pa kuegesha basi.

Kilichofuata baada ya Wareno kinaeleweka vizuri zaidi ukikitazama kama uhamisho mwingine. Mwaka 1593, walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, Wareno walihamishia makao yao Mombasa, na mfalme wa Malindi akaenda nao kutawala kule. Mji ulipoteza mtawala wake, wafanyabiashara wake na sababu ya vyombo kutia nanga mbele yake. Kanisa dogo lililoko kusini mwa mji, ambako mmishonari Francis Xavier alipita mwaka 1542 akielekea Goa, likabaki na makaburi yake kama nyumba iliyosahauliwa na wenyewe. Uvamizi kutoka bara ulimalizia kilichosalia, na hadi nusu ya kwanza ya karne ya 19 Malindi ilikuwa magofu yaliyofunikwa na msitu. Makaburi ya mnara ya karne ya 15 yaliyo kando ya Msikiti wa Juma yalivuka kipindi hicho chote yakiwa yamesimama, na ndiyo mashahidi wa kwanza ambao ningependa mgeni aonyeshwe, kabla ya nguzo, kwa sababu yalijengwa na watu waliokuwa wakiishi hapa na kuzikana hapa.

Malindi tunayoikaa sisi ni mji wa 1861. Mwaka huo Sultani Majid wa Unguja alituma askari kuufufua, na katika miongo michache ardhi ya nyuma yake ikawa ghala la mtama na ufuta uliopakiwa majahazini kutoka ufuoni hadi Arabuni. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Walioteremshwa kutoka vyomboni waliteremshwa kwenye mchanga huuhuu ambao leo tunautandikia taulo, na waliofanikiwa kutoroka walikwenda kujenga vijiji vya watoro huko bara. Huu ndio uchumi uliouzaa mji upya, lakini katika orodha ya alama za ufuoni ndio wenye alama haba kuliko yote. Nyumba ya Nguzo inaukaribia: ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi, ikawa hospitali, na tangu 2004 ni makumbusho. Humo ndani utaonyeshwa samaki wa kale aina ya silakanti, aliyenaswa na meli ya uvuvi katika bahari ya Malindi mwaka 2001, wa jamii ambayo hadi 1938 wanasayansi waliamini kwamba ilitoweka pamoja na madinosari. Watoto wa shule humkumbuka samaki huyo kuliko kitu kingine chochote, nami siwalaumu.

Miaka miwili ya mwanzo wa karne ya 20 ina uzito kuliko nguzo yoyote kwa anayetaka kuelewa kwa nini ufuo uko mikononi mwa waliouhodhi leo. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta hadhi ya utumwa kisheria. Mwaka 1908 ilipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi katika ukanda wa pwani, ambapo kila mwenye dai alitakiwa kulithibitisha mbele ya msajili, na ardhi iliyokosa mwenye dai lililokubaliwa ikawa ya Serikali. Walionufaika ni wenye karatasi, wenye mashahidi waliokubalika na wenye kuijua njia ya ofisini. Wamijikenda waliokuwa wakilima kwa taratibu za ukoo, pamoja na watu waliokuwa wametoka utumwani mwaka mmoja tu nyuma, walijikuta wakiitwa maskwota katika mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Kiwanja chenye hatimiliki huuzika, na kisicho nayo hakina mnunuzi. Ndiyo maana baada ya muda viwanja vya mbele, vilivyopakana na maji, vilianza kupita mkono hadi mkono kwa watu wasio wa hapa bila kelele yoyote.

Mekatilili wa Menza aliingia katika historia hii kwa upande wa mto. Mwaka 1913 aliwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii pamoja na Wanje wa Mwadori, akatoroka na kurudi kwa miguu. Mwaka 1914 wakoloni waliwaamuru Wagiriama kuihama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, sehemu yenye rutuba waliyokuwa wakiilima, na waliokataa walichomewa nyumba. Bustani ya Uhuru iliyo mbele ya bahari sasa imepewa jina lake. Hapohapo ufuoni, bila kuwa mbali sana naye, kuna mnara wa zege wenye umbo la tanga uliowekwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni kuwasifu mabaharia wa Kireno. Mtu akitembea kati ya viwili hivi hupata somo ambalo hakuna bango linalomfundisha.

Juu ya hoteli nitapita haraka. Zilianza miaka ya 1930, nyingine zikiendeshwa na maofisa wastaafu wa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi wa bara waliotaka mahali pa kupumzika. Waliipenda ghuba kwa sababu ina mawimbi ya kuchezea, jambo lisilo la kawaida katika pwani yetu, ambayo mahali pengi imekingwa na mwamba wa matumbawe. Waitaliano nao wana kisa cha kipekee: mara ya kwanza walikuja angani, mwaka 1940, ndege zao zilipodondosha mabomu juu ya mji, wakarudi miaka ya 1960 na roketi, walipojenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza duniani iliyotumwa kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei. Kisha wakaja na majumba ya kifahari na pizza, na kizazi kizima cha vijana wa ufuoni kikajua Kiitaliano kabla ya kumaliza shule. Machafuko ya 2008 na korona ya 2020 yalionyesha jinsi mji ulioegemea mgeni wa aina moja unavyoyumba ndege zake zisipotua.

Sasa tuutazame mchanga. Chota gao moja katika ghuba, upande wa kaskazini wa gati, ulisogeze juani. Utaona ndani yake chembe bapa zinazometameta kama dhahabu, na usiku zikikauka mguuni huacha vumbi la kung'aa juu ya shuka. Hizo ni chembe za ulanga, na hazikutoka baharini. Mwamba wa pwani yetu ni matumbawe, na matumbawe hayana ulanga; chembe hizi zimesafirishwa na mto kutoka kwenye miamba ya kale ya bara. Mto Sabaki, unaoingia baharini kilomita chache kaskazini mwa mji, ndio huohuo Galana unaopita Tsavo, na juu zaidi ndio Athi unaoanzia jirani na Nairobi na kukata Ukambani. Maji yake ya tope na yasiyo na chumvi ndiyo sababu ghuba haina mwamba wa kuikinga, maana matumbawe hayamei penye maji matamu na giza. Kwa maneno mengine, mawimbi waliyoyapenda walowezi na mchanga mpana unaopigwa picha na watalii ni kazi ya mto mmoja.

Kiasi cha tope unacholeta hakikuwa sawa siku zote. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi kuna tumbawe lililokuwa likikua kwa takriban miaka 300, likiongeza tabaka kila mwaka, na ndani ya kila tabaka likihifadhi kiasi kidogo cha madini ya bariamu yanayofika baharini pamoja na udongo. Watafiti walilitoboa wakalisoma tabaka kwa tabaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba kiwango hicho kilibaki cha chini na tulivu kwa muda mrefu, kisha kikaanza kupanda mapema katika karne ya 20, wakati utawala wa kikoloni ulipobadilisha matumizi ya ardhi bara, na kikaendelea kupanda kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka katika miteremko ya huko. Binafsi naliona tumbawe hilo kuwa hati ya kihistoria isiyopungua uzito wa nguzo ya Mreno. Limeandika kile ambacho hakuna afisa wa wilaya aliyekiandika: jinsi wenyeji wa bara walivyobanwa katika maeneo finyu, ardhi ikachoka, na udongo wao ukaja kutandazwa mbele ya hoteli zetu.

Tope hilo lina majira, na majira yake yanaukera mji. Wakati wa kusi mkondo husukuma maji ya mto kuelekea Mambrui na Ngomeni, na bahari ya mjini hukaa safi kiasi. Kaskazi ikiingia, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, mkondo hugeuka na kuyaleta maji yale kusini, na kwa kuwa vuli huko bara huwa imeujaza mto, maji ya kahawia hufika mbele ya mji katika miezi ileile ambayo vitanda vya hoteli vimejaa. Mgeni aliyelipia bahari ya buluu hudhani kuna mtu amemwaga uchafu. Mfanyakazi wa hoteli hujitetea kwa kusema ni mvua ya juzi tu. Ukiwa juu ya mashua siku kama hiyo unaweza kuuona mpaka wenyewe, mstari wa povu na vijiti vinavyoelea, upande mmoja kahawia na mwingine kijani, na wavuvi huutafuta mstari huo makusudi kwa sababu samaki hukusanyika hapo.

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za mwanzo barani Afrika, na zimefanya kazi kubwa: ndani ya mipaka ya hifadhi hakuna kuvua wala kuvunja matumbawe, na samaki wamejua hilo kuliko baadhi ya wanadamu. Lakini askari wa hifadhi anaweza kumkamata mtu mwenye mshipi. Hawezi kulikamata tope lililong'oka Machakos miezi miwili iliyopita. Joto la bahari la mwaka 1998, lililoua matumbawe mengi katika pwani yote ya Kenya, nalo halikupita getini. Mipaka iliyochorwa baharini inalinda kitu kinachotegemea mteremko ulio mamia ya kilomita mbali, na mteremko huo uko chini ya kaunti nyingine, wizara nyingine na bajeti nyingine.

Na sasa mambo yanaelekea kugeuka. Katika mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa kubwa la Thwake, ambalo watu wa huko wamelisubiri kwa miaka mingi na wana haki ya maji yake. Bwawa lolote hukamata mchanga na udongo nyuma ya ukuta wake. Misri ilijifunza hilo baada ya bwawa kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, pale ukingo wa delta ya Nile ulipozidi kuliwa na bahari kwa kukosa udongo uliokuwa ukiulisha. Tope likipungua Malindi, matumbawe yatapumua na maji yatang'aa, na wenye hoteli watashangilia miaka ya mwanzo. Mchanga nao ukipungua, ghuba iliyozoea kupokea itaanza kutoa. Siwezi kukadiria ni lini wala kwa kiasi gani, lakini mji unaoishi kwa mchanga ungetarajiwa kuuliza, na sijaona swali hilo likiongoza kikao chochote cha hadhara hapa kwetu, ambako rangi ya kupaka mawe hujadiliwa hadi magharibi.

Kwa muda huu ghuba bado inatanuka, na mahali pengine nyumba zilizojengwa ili zilowe rasharasha za mawimbi sasa zimetenganishwa na maji kwa vichuguu vya mchanga vilivyoota mvinje na mimea itambaayo. Hapo ndipo historia ya hatimiliki inaporudi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba ardhi iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ya umma. Kwa bahari inayopanda na kushuka kwa karibu mita tatu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, na kwa ufuo ulio tambarare kama wa ghuba yetu, hicho si kipande kidogo. Lakini kikomo cha maji kujaa kinaposogea kuelekea baharini, ardhi mpya iliyobaki kavu nyuma yake ni ya nani? Kanuni ya kale ya sheria ya Kiingereza humpa mwenye kiwanja jirani ile inayoongezeka polepole bila mtu kuiongeza, na wakili hodari anaweza kujenga hoja hiyo hata katika mahakama zetu. Wakili mwingine anaweza kujibu kwamba ardhi iliyokuwa ya umma jana haiwezi kuwa ya mtu leo kwa sababu tu mto umemwaga mchanga juu yake. Kesi ya namna hii haihitaji hekima ya ajabu. Inahitaji ramani inayoonyesha maji yalikuwa yakiishia wapi mwaka gani, na mwenye kiwanja ana uwezo wa kumlipa mpimaji wake, ilhali umma hauna.

Haki ya kikatiba ya kusimama ufuoni nayo haina maana kwa mtu asiyeweza kuufikia. Kuna kichochoro kimoja ninachokijua, kati ya kuta mbili za mawe ya matumbawe zilizofunikwa na maua ya bogenvilia, ambacho wakazi wa nyuma yake walikitumia kuteremkia baharini tangu kabla ya kuta kuwapo. Leo kina geti la chuma lenye kufuli, na tundu dogo linalofunguliwa na mlinzi kijana ambaye hana kosa lolote isipokuwa kutii. "Shikamoo mzee, unaenda kwa nani?" huuliza, kwa adabu zote. Swali hilo limekaa vibaya, kwa kuwa baharini hakuna nyumba ya mtu. Mvuvi mwenye mshipi begani huzunguka hadi kwenye njia iliyobaki wazi, mama mwenye beseni la viazi karai naye huzunguka, na siku ya Idd, mji mzima unapotaka kuteremka na watoto, wote hubanana katika njia mbili tatu zilizosalia huku kilomita nzima za mchanga zikiwa tupu mbele ya kuta.

Ningependa Serikali ya Kaunti ya Kilifi na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zianze kwa jambo lisilo na fahari yoyote: kuzichora njia zote za umma za kuteremkia ufuoni, zilizo wazi na zilizofungwa, na kuzitangaza kwa majina kama zinavyotangazwa barabara. Makumbusho yangeweza kusaidia kwa kuongeza kituo kimoja katika mzunguko wao, chenye gao la mchanga wa ulanga na mchoro wa tumbawe lile la miaka 300, ili mgeni anayetoka kwenye nguzo aelezwe pia habari ya mto. Mamlaka zinazosimamia mto Athi zina vipimo vya maji na tope ambavyo wakazi wa mdomo wa mto wanapaswa kupelekewa bila kuomba. Na kabla bwawa halijaanza kujaa, kikomo cha maji kujaa kipimwe kutoka gati la Malindi hadi Sabaki, mara moja katika bamvua ya kusi na mara nyingine katika ya kaskazi, ramani yake ibandikwe katika ofisi ya ardhi ambapo yeyote anaweza kuisoma. Wavuvi wa mtaa wetu wa Shela wangeweza kumwongoza mpimaji, kwa kuwa wengi wao bado wanajua wazee wao walikuwa wakifunga mashua wapi, na baadhi ya sehemu hizo sasa ni kavu kiasi cha kujengwa ukuta.